Sanduku la Papa na Mguu wa Kavira

Karibu na nyumba ninayopanga sasa, fundi mmoja wa pikipiki huosha vyuma vyake kila asubuhi kwa petroli ndani ya karai. Majirani wanalalamika juu ya kelele. Mimi kelele sizisikii, nafunga dirisha kwa sababu ya ile petroli. Harufu yake ikishaingia sebuleni, nakuwa tena mtoto wa mtaa wa Vulamba, nimekaa juu ya saruji baridi, namwangalia Papa akisugua msumeno wa kukatia mifupa ya watu, na inanipanda ile hasira ambayo kwa miaka mingi sikujua niitemee wapi.

Papa alikuwa na duka la vyuma katikati ya Butembo: misumari, bawaba, makufuli, sufuria, majembe. Wenzake waliopata faida walijenga nyumba za ghorofa au walinunua magari. Papa alikusanya vifaa vya zamani vya madaktari. Alivipata kwenye zahanati za mashamba ya kahawa walizoziacha Wabelgiji, kwenye misheni zilizofungwa, kwa wahunzi waliokuwa karibu kuviyeyusha viwe visu vya jikoni. Aliposikia kwamba katika kijiji fulani kuna mama anayeshika makaa ya moto kwa koleo la kuzalishia, alifunga duka, akapanda baiskeli, akarudi jioni na lile koleo, na yule mama akabaki na koleo jipya na sufuria juu yake. Msumeno aliukuta kwa mchinjaji wa mbuzi. Bomba la mti la kusikilizia moyo wa mtoto tumboni alilikuta kwa watoto waliokuwa wakilipuliza kama tarumbeta.

"Mutu anatoa sufuria mupya, anarudisha byuma bya bafu," Mama alikuwa akisema, yaani vyuma vya wafu, bila kumwangalia, kama mtu anayezungumza na sufuria yenyewe.

Papa alikaa sebuleni na kitambaa chake, petroli yake na kichupa cha mafuta ya cherehani, akasugua kutu mpaka chuma kikatoa weupe. Sindano za kioo, visu vyenye mipini ya mfupa, vikulabu vya kuvutia nyama pembeni, mikasi iliyopinda kama mdomo wa ndege. Vyote viliingia katika kabati la vioo, pale ambapo nyumba nyingine za Butembo huweka sahani za wageni. Sahani zetu za wageni zilikaa chini ya kitanda.

Ilikuwa miaka ya vita. Sisi watoto tuliijua vita kwa majina ya vitu vilivyokosekana: chumvi, sabuni, mwalimu, barabara. Askari walibadilika mavazi na lugha kila tulipoanza kuwazoea. Watu walificha walichokuwa nacho, redio, baiskeli, binti. Papa alificha sanduku.

Sanduku hilo lilikuwa la mti mweusi, lenye pembe za shaba. Ndani lilivikwa kitambaa laini cha buluu, na katika kitambaa hicho kulikuwa na mashimo yenye sura. Hapa sura ya kisu, hapa sura ya koleo, hapa sura ya kitu ambacho hatukukijua. Lilipofika kwetu, mashimo mengi yalikuwa matupu. Papa alitafuta vya kuyajaza kama mtu anayetafuta watoto wake waliopotea. Kila kifaa kilipolala vizuri katika shimo lake, alipiga mluzi mfupi na kuita nyumba nzima ije kuona. Nyumba nzima ilikuwa ni mimi na mdogo wangu Kavira, kwa kuwa Mama hakuja.

Kavira alizaliwa na mguu wa kushoto umegeuka ndani, unyayo ukitazama mguu mwingine. Alitembea kwa upande wa nje wa mguu huo, na ngozi ya hapo ilikuwa imekuwa ngumu kama kisigino. Hakuwa mnyonge. Alikimbia, alipanda mipera, alipigana. Lakini watoto wa mtaa walimwiga njiani, na kanisani kulikuwa na mama fulani aliyemshika kichwa kila Jumapili na kusema "pole" kwa sauti ya msibani, mpaka siku moja Kavira alimuuma kidole. Mimi nilikuwa mkubwa wake, ndiye niliyetakiwa kumshika mkono kwenye matope ya kwetu, yale mekundu yanayoteleza, na nilikuwa nimechoka kupigana kwa ajili yake na nimechoka kumngojea.

Siku moja Kavira aliingiza mkono sandukuni, akatoa nyundo ndogo na patasi mbili nyembamba, akauliza, "Papa, hii inafanyaka nini?"

Papa alizichukua taratibu kutoka mkononi mwake. "Hii njo ya kunyoosha mifupa yenye kupinda," alisema. "Docteur anakata kidogo, anageuza, anafunga plâtre, ile bandeji yenye kukauka. Mufupa unashikana vizuri."

Kavira aliniangalia. Nami nilimwangalia. Hatukusema neno mbele yake, lakini tulipotoka nje tulikimbia mpaka nyuma ya jiko na kukumbatiana. Sasa tulielewa. Papa hakuwa akicheza. Safari zote zile za baiskeli, sufuria zote zile, hasira yote ya Mama, vilikuwa kwa ajili ya mguu wa Kavira. Alikuwa akikusanya kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayejenga nyumba kwa matofali anayopata. Sanduku likijaa, ataanza.

Tangu hapo tuliyahesabu mashimo matupu zaidi kuliko yeye. Aliporudi safarini mikono mitupu, mimi ndiye niliyenuna. Alipopoteza wikiendi nzima akipatana na mtu bei ya bomba la sikio ambalo halikuwa na shimo sandukuni, nilitaka kulia. Bomba la sikio la nini? Sikio la nani? Nilimwona mvivu, nilimwona msahaulifu, na sikuweza kumwambia, kwa sababu Kavira alisema Papa anataka kutushangaza na tukisema tutaharibu.

Kitu cha mwisho kilikuwa kijiko kidogo cha kukwangulia mfupa. Kilikuwa kwa mjane mmoja kwenye njia ya Lubero, aliyekitumia kuchotea chumvi. Papa alirudi nacho adhuhuri, ukungu ukiwa bado haujaondoka, suruali imejaa matope mpaka magotini. Alikisugua, akakipaka mafuta, akakilaza shimoni mwake. Akapiga mluzi. Sanduku lilikuwa limejaa.

"Angalieni," alisema. "Angalieni vile iko muzima."

Tuliangalia. Kisha Kavira alinivuta nguo. Tulikwenda nyuma, tukachukua kipande cha sabuni ambacho Mama alikiweka akiba kwa ajili ya nguo za kanisani, tukauosha ule mguu. Niliusugua mpaka katikati ya vidole. Tukaukausha, tukaupaka mafuta. Kavira alivaa gauni lake safi. Alikwenda sebuleni, akakaa kwenye kiti, akauweka mguu juu ya kigoda mbele ya Papa, akafumba macho kwa nguvu.

"Papa," nilisema, "tuko tayari."

Papa alikuwa akifunga sanduku. Aliinua kichwa. "Tayari ya nini?"

"Ya kukata," alisema Kavira, macho bado amefumba. "Hapana kuogopa, Papa. Miye sitalia."

Sijui nitauelezaje uso wake. Alitazama mguu unaong'aa kwa mafuta, akatazama sanduku, akatazama tena mguu. Mlangoni Mama alikuwa amesimama na ungo wa maharage, na yeye alikuwa amesikia yote.

Sikuwa nimewahi kumsikia Mama akipiga kelele kabla ya siku ile. "Unaona? Unaona kazi yako?" Ungo ulianguka, maharage yakatawanyika sebuleni kote. "Mutoto ameketi anangojea! Ulishindwa kuwa docteur, sasa unacheza docteur na bafu! Juu ya hii byuma umepanda milima yote. Juu ya huu mguu, umepanda mulima gani?"

"Mama Masika..." Papa alianza. Masika ni mimi.

"Mulima gani?"

Kavira alifumbua macho. "Donc haiko juu yangu?" aliuliza, yaani, kumbe si kwa ajili yake.

Kisha alishusha mguu kutoka kwenye kigoda, akaanza kuokota maharage.

Baadaye sana nilijua kwamba Papa alitamani udaktari tangu utoto wake, tangu alipolazwa katika hospitali ya misheni na kuona vifaa hivyo viking'aa juu ya meza. Alikuwa na akili ya shule. Babu alimtoa darasani akamtwika mizigo ya biashara, kwa sababu biashara ilikuwa ikilisha watu na shule ilikuwa ikila. Lakini siku ile sikujua hilo, na kama ningelijua lisingenisaidia kitu. Nilijua tu kwamba sanduku limejaa na halifanyi kazi yoyote.

Baada ya muda Papa alipanda gari la mizigo, akaenda mji wa Beni. Aliporudi aliketi karibu na Mama jikoni, kitu ambacho hakuwa akifanya, akazungumza kwa sauti ya chini. Alikuwa amempata daktari, Mkongomani, kijana wa upande wa Kisangani. Daktari alisema mguu wa namna hiyo anauweza, amekwisha kunyoosha mingine. Shida ni kwamba askari walipopita hospitalini mwake walibeba vifaa vya chumba cha upasuaji, mpaka taa. Visu alikuwa ameshapata vingine. Alichokosa ni patasi za mifupa na nyundo ya kuzipigia.

"Nilimuambia, miye niko nabyo," alisema Papa. Alisema kama mtu anayejaribu neno jipya.

Mama alisema, "Nyamuhanga." Ni jina la Mungu kwa Kinande chetu, na hakulitaja hovyo.

Tungeweza kusema hadithi iishie hapo, kwa furaha. Laiti Papa angemsikiliza Mama asubuhi ya safari.

"Beba ile patasi na nyundo tu," Mama alimwambia. "Nitabifunga ndani ya bitenge, kati ya nguo za batoto. Hakuna mutu ataona."

"Sanduku haigawanywi," alijibu Papa.

"Docteur anataka tatu ile tu."

"Atachagua mwenyewe. Labda atahitaji na kijiko, labda na vikulabu. Na miye sitapeleka sanduku yenye mashimo kwa docteur. Aone kitu kamili."

Aone kitu kamili! Nimeyarudia maneno hayo maisha yangu yote. Alitaka daktari amwone, yeye muuza misumari, amebeba sanduku lililojaa. Mama alimtazama, akatazama mguu wa Kavira, akanyamaza, kwa kuwa aliogopa akibishana zaidi safari itavunjika. Tulipanda juu ya lori, sisi wanne, juu ya magunia ya vitunguu, na sanduku likiwa katikati ya magoti ya Papa, limefungwa kwa blanketi kama mtoto mchanga.

Njia ya Beni inashuka. Unaondoka kwenye ukungu na mikaratusi, unaanza kuvua sweta, hewa inakuwa nzito na ya moto. Kavira aliimba njia nzima. Alikuwa ameamua kusahau kigoda na maharage, aliamua kwamba sasa kweli ni juu yake. Bariyeri, kizuizi cha askari, ilikuwa mahali ambapo barabara inapinda, mti mmoja umelazwa juu ya mapipa, na askari wachache wamekaa kwenye kivuli. Walipanda, wakapekua magunia. Mmoja aligusa blanketi kwa mguu.

"Hii ni nini?"

"Bintu bya hospitali, chef," alisema Papa.

Wakafungua. Jua liliingia ndani ya sanduku, na vile vyuma alivyovisugua miaka yote vikawaka vyote kwa pamoja. Yule askari alirudi nyuma kidogo. Msumeno, visu, makoleo.

"Uko docteur?"

"Hapana. Niko commerçant, muuza misumari."

"Commerçant?" Aliwaita wenzake. "Kuja muone commerçant ya kukata batu!" Wakacheka, kisha wakaacha kucheka. "Unabipeleka kwa nani? Uko nakata nani?"

Papa alieleza. Alimwonyesha Kavira, akaonyesha mguu. Askari aliutazama mguu bila ubaya wowote, naweza kusema hata kwa huruma, kisha akasema kwamba vitu kama hivi lazima mkubwa wao avione, na mkubwa hayuko, na sanduku linabaki. Watu waendelee. Dereva alikuwa tayari ameshawasha injini. Alikuwa ameona bariyeri nyingi na alijua namna zinavyobadilika.

Walishusha sanduku. Na Papa akashuka nyuma yake.

"Panda!" Mama alimwita. "Baba Masika, panda! Acha byuma!"

Papa alisimama katikati ya barabara. Lori lilianza kusogea. "Muende kwa dada yangu, kule Mulekera," alisema. "Muende mbele."

"Achaaa! Watakuua juu ya byuma!"

Hakupanda. Aligeuka, akalifuata sanduku chini ya kivuli, na kitu cha mwisho nilichokiona kabla ya kona ni mgongo wake, ameinama juu ya kifuniko, anakifunga vizuri vumbi lisiingie.

Kavira alilia. Mama alilia. Mimi sikulia, nilikuwa nimejaa hasira mpaka machozi hayakupata njia. Niliona alichokichagua. Mbele ya macho yetu wote, kati ya lori lenye watoto wake na sanduku la vyuma vya wafu, alikuwa amechagua sanduku. Ndivyo nilivyosoma siku ile, na nilisoma nikiwa na hakika kama mtu anayesoma Biblia.

Shangazi, dada yake Papa, alikuwa na nyumba ya matofali huko Mulekera, mtaa wa Beni, na nyuma yake kishamba cha mihogo na kakao kidogo. Joto la Beni lilitushangaza. Mbegu za kakao zilianikwa kwenye maturubai, zikatoa harufu ya siki iliyopenya mpaka ndani ya chakula. Mama hakula. Alimpeleka Kavira hospitalini, nikaenda nao. Daktari alikuwa mwembamba, mwenye vidole virefu, na aliushika ule mguu bila kusema pole. Aliukunja huku na huku, akamtekenya Kavira chini ya unyayo, akacheka naye.

"Ni muzuri," alimwambia Mama. "Ana damu, ana nguvu. Nikipata patasi tu, wiki hiyo hiyo nafanya. Bwana yako iko wapi?"

"Anakuja," alisema Mama.

Tulikwenda tena, na tena. Kila mara daktari aliuliza, kila mara Mama alijibu anakuja. Nilimwona daktari akitafakari. Alisema angejaribu kwa patasi ya seremala kama ingekuwa ya chuma kisichoshika kutu, akatuma mtu sokoni, lakini zilizokuja zilikuwa nene, za kuchongea milango. Alizigeuza mkononi, akazirudisha. "Mufupa wa mutoto haiko mulango," alisema.

Halafu mapigano yalikaribia upande wa kaskazini. Tulisikia milio kama mtu anayeburuza meza mbali. Mchana mmoja gari la askari liliingia hospitalini na majeruhi, na lilipoondoka daktari alikuwa ndani yake. Hawakumpiga. Walimwambia tu kwamba kule mbele kuna watu wao wengi wameumia, na akapanda akiwa bado amevaa koti lake. Tuliambiwa na muuguzi langoni, mimi na Mama na Kavira, tulipokuja kwa zamu yetu. Mama aliuliza atarudi lini. Muuguzi alimtazama kama mtu aliyeuliza mvua itaisha lini.

Papa alifika alasiri, siku si nyingi baada ya hapo. Nilikuwa nikichota maji. Mtu aliingia uani akiwa peku, bila koti, shati lake limekatwa mkono mmoja, na mwanzo sikumjua. Katika mkono alishika kitu kimefungwa kwa ile sehemu ya shati iliyokatwa. Alipita mbele yangu bila kunisalimu, akaenda mpaka kwenye meza ya shangazi, akafungua: patasi mbili na nyundo.

Alieleza kwa haraka, akihema. Alikaa na wale askari siku zote hizo, akiomba. Mkubwa wao alipokuja alilitaka sanduku kwa ajili ya mganga wao. Papa alimpa. Alimpa na vyote vya kabatini Vulamba, alikwenda na askari mpaka nyumbani, akawafungulia mlango, akawapangia vifaa ndani ya magunia kwa mikono yake mwenyewe. Akawapa saa, koti, viatu. Aliomba tu hivi vitatu. Na mganga wao alivitazama, akasema, hivi si vya hospitali, hivi ni vya seremala, mwache aende navyo.

"Bya seremala," alirudia Papa, akicheka kicheko cha ajabu. "Hawakujua! Kama ningebeba hii tu, hata bariyeri bangeniacha nipite." Akageuka kwa Mama. "Twende sasa kwa docteur. Kavira iko wapi? Twende, mbele ya jua ishuke."

Mama alikuwa ameketi. Shangazi alitazama chini. Nilijua kwamba inafaa mtu mmoja aseme, na nilitaka iwe mimi, nilitaka nimwambie kwa namna ambayo ingemuumiza. Lakini Kavira alikuwa amesimama mlangoni.

"Papa, docteur hayuko," alisema. "Basoda balimubeba."

Papa alibaki ameshika meza. Kisha alisema, "Lini?" Mimi nilitoka. Nilikwenda nyuma ya jiko la shangazi, nikakaa kwenye kivuli cha kakao mpaka nilipoitwa, nikiyapanga maneno ya kumwambia siku moja.

Daktari hakurudi. Hatukujua kama alikufa au alivuka mpaka. Papa alipeleka patasi hospitalini kesho yake, akaziacha kwa muuguzi, ikiwa atatokea mwingine. Tulipoweza kurudi Butembo, kabati lilikuwa tupu, na Mama akatoa sahani za wageni chini ya kitanda, akazipanga humo. Papa hakukusanya kitu tena. Alilirudia duka lake, na kila aliposikia kuna daktari wa mifupa amepita mahali, Goma, Kampala, popote, alikwenda kuuliza. Ama vita ilimzuia njiani, ama daktari alikuwa ameondoka, ama walimwambia mtoto amekwisha kuwa mkubwa, sasa ni kazi ngumu. Daktari mzuri alipokuja kukaa kabisa Butembo, Kavira alikuwa na mume na mtoto mgongoni na meza yake ya vitenge sokoni. Papa alimwendea akamsihi. Kavira alikataa. Alisema hawezi kulala na plâtre miezi yote hiyo, wateja hawangojei. Papa alirudi nyumbani akaketi, na nilimkasirikia Kavira pia, hata yeye.

Tulimzika Papa msimu wa mvua uliopita. Baada ya watu wa kanisa kwenda, tulibaki sisi wawili tukiosha masufuria ya msiba, na hasira yangu ilitoka yote, nikiwa na sufuria mkononi. Nilisema juu ya sanduku, juu ya bariyeri, juu ya "aone kitu kamili." Nilisema sijui kama nimsamehe kwa kushuka au nimsamehe kwa kubeba lote.

Kavira aliendelea kusugua. "Kumbe hukuona," alisema. "Siku ile Mulekera. Ulikuwa umekwenda nyuma ya jiko."

"Sikuona nini?"

"Alipiga magoti. Papa. Pale mbele ya mulango, mbele ya Mama na tantine, dada yake. Akashika huu mguu, akaniomba musamaha. Mutu muzima."

Niliweka sufuria chini. Miaka yote hiyo nilikuwa nikibeba kosa lile la Papa kwa niaba ya Kavira, nikilihesabu kuwa bado halijaisha. "Ukamuambia nini?"

"Ningemuambia nini? Nilikuwa mutoto. Mama alikuwa amepika bitoke na sombe. Nilimuambia, Papa, simama, twende tukule, bitoke bitapoa."

"Na yeye?"

"Akasimama," alisema Kavira, akachukua sufuria niliyoiacha, akaanza kuiosha. "Akakula. Alikuwa na njaa sana."